Mtoto Hutoka kwa Watu Wawili

4 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imeshuka leo mchana, nikiwa darasani. Watoto wa mwaka wa tatu waliacha kunisikiliza wote kwa pamoja, wakageukia madirisha, nami nikawaachia. Niliporudi nyumbani nimelowa hadi magotini, nilimkuta mama mkwe wangu, Mama Élisabeth, ameketi barazani na mizigo yake. Ametoka Mwadingusha kwa gari la asubuhi. Anasema paa la nyumba yake linavuja, atakaa nasi hadi mvua zitakapokwisha.

Nilimkaribisha, nikampikia bukari, ugali wetu wa huku, na samaki. Baada ya kula alifungua begi, akatoa magome ya mti, mizizi na unga mweusi, akavipanga juu ya meza. Vyote ni vya kunywa mimi.

"Hii mvua haitaisha bure," aliniambia.

Huu ni mwaka wa sita tangu Ghislain anioe na hatujapata mtoto. Ghislain ni fundi wa friji. Ana kibanda chake hapa Kikula, mjini Likasi, karibu na soko, na akina mama wanaouza samaki wa barafu wanamjua wote. Jumapili anaongoza kwaya kanisani kwetu. Ni mtu wa maneno machache. Alipoiona ile meza alimsalimu mama yake, akaniangalia, akaenda kunawa mikono.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu katika nyumba hii kuna mengi yasiyosemwa, na mimi nimezaliwa mtu wa kusema.

8 Novemba

Mvua. Nimekunywa dawa ya Mama kabla ya kwenda shule. Nimetapika nyuma ya vyoo vya walimu.

12 Novemba

Nimekwenda tena kituo cha afya kwa Mama Hortense, mkunga. Ni yeye aliyenichunguza tangu mwanzo: damu, mkojo, picha ya tumbo, vyote. Nilidhani leo ataniandikia vipimo vingine. Badala yake alivua miwani, akaniuliza bwana yangu anafanya kazi gani, ana afya gani, na kwa nini hajawahi kumwona.

Nilimwambia kwamba Ghislain ana kazi nyingi. Akasema kila mwanamke anayekuja pale ana bwana mwenye kazi nyingi.

"Mutoto anatokaka kwa bantu babili," akaniambia. "Minye nimeona mumoja tu. Weye nimekuangalia vya kutosha, Daniella. Usirudi peke yako."

Nilitoka nje nikasimama chini ya paa la kituo kungoja mvua ipungue. Nilimkasirikia njia nzima. Nilipofika nyumbani nilijikuta nimemkasirikia mtu mwingine kabisa.

14 Novemba

Sijamwambia Ghislain. Tulikula, akasikiliza mvua, akalala.

17 Novemba

Leo baada ya ibada baba mkubwa Alphonse alitufuata hadi nyumbani. Ni kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu. Alikuwa karani wa reli, sasa yuko katika pensheni, na katika ukoo huu hakuna ndoa wala msiba unaopita bila neno lake. Alikaa kwenye kiti cha Ghislain, akasema mwanzoni mwa Februari jamaa watakutana hapa kuzungumza juu ya nyumba hii. Aliongea kana kwamba sipo, na mimi ndiye niliyekuwa nammiminia chai. Mama Élisabeth akaongeza kwamba Mwadingusha kuna familia nzuri yenye binti mtulivu, na ameshazungumza nao kidogo.

Nilimtazama Ghislain. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua doa la grisi kwenye kidole gumba. Baba mkubwa alipoondoka alimsindikiza na mwavuli hadi barabarani.

Nimeolewa na mtu anayeogopa watu wake. Ndivyo ninavyoona leo.

20 Novemba

Nimemwambia. Nilimkuta sokoni amepiga magoti nyuma ya friji kubwa la mwuza samaki, nikangoja amalize, tukarudi kwa miguu katika matope. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nimesikia wanawake wenzangu shuleni wakisimulia: bwana wa huyu alivunja sahani, bwana wa yule alihama chumba. Kwa hiyo nilisema yote kwa haraka: Hortense amesema nini, na kwamba sitakunywa tena mizizi ya mtu yeyote kabla yeye hajapimwa.

Ghislain alihamishia sanduku lake mkono wa pili, tukaivuka mifereji iliyofurika. Kisha akauliza:

"Mama Hortense anatumikaka siku gani?"

Ni hilo tu. Nilimjibu: kila siku isipokuwa Jumapili. Akasema Jumatatu atafunga kibanda.

25 Novemba

Tumekwenda. Benchi la kituo lilikuwa limejaa wanawake, baadhi na matumbo, baadhi kama mimi. Hakukuwa na mwanamume hata mmoja. Ghislain aliwasalimu wote, akaweka sanduku lake la vyombo chini ya miguu, akakaa katikati yetu. Mwanamke mmoja alicheka akiziba mdomo kwa kiganja. Mwingine alimwuliza kama amekuja kutengeneza friji la chanjo. Akajibu kwa upole kwamba leo amekuja kutengenezwa yeye. Wakacheka wote, lakini safari hii walicheka pamoja naye.

Hortense alituingiza wote wawili. Alimwuliza maswali ambayo mimi mkewe sijawahi kumwuliza: kama anavuta sigara, kama amewahi kuumia, kama amewahi kuwa na ugonjwa wa zinaa, mambo ya chumbani yakoje. Nilitazama sakafu. Yeye alijibu kila moja kwa sauti ileile anayomjibu mteja anayeuliza friji lake lina nini. Alipoulizwa juu ya magonjwa ya utotoni alifikiri, akasema hakumbuki lolote kubwa.

Kisha ikaja kazi ya kutoa mbegu kwa ajili ya kipimo. Hapo ndipo nilipojua kwa nini wanaume wanakimbia. Kijana wa maabara alimpa kikopo mbele ya watu, akamwonyesha choo cha wagonjwa, chenye mlango usiofungika. Nilisimama nje ya mlango ule kumlindia, nimeegemeza mgongo, mvua inanipiga, na watu wakaja kubisha, nikawaambia wangoje. Alipotoka hakuwa na hasira. Alikabidhi kikopo, akanawa, akaushika ule mlango kwa mikono miwili, akaangalia bawaba zake.

Nilimwuliza kama ameona aibu. Akasema ndiyo, sana. Kisha akaniuliza mimi nimeona aibu mara ngapi pale katika miaka yote hii.

29 Novemba

Hortense ametuita. Katika kipimo hakuonekana mbegu hata moja. Amesema kipimo kimoja hakitoshi, kinaweza kudanganya, turudie kabla ya Krismasi. Alimtazama Ghislain alipokuwa akiyasema, hakunitazama mimi. Nilimpenda kwa hilo.

Ghislain alimshukuru, akaenda kazini.

3 Desemba

Hajaimba akioga tangu siku ile.

9 Desemba

Leo Mama Élisabeth amegundua kwamba sinywi dawa zake. Alikuwa uani na jirani wakichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Nilikuwa jikoni, dirisha wazi, naye alijua. Alisema mwanawe angekuwa baba zamani kama asingefungiwa nyumba. Alisema mwalimu anajua kufundisha watoto wa wenzake tu.

Ghislain alikuwa ameshafika langoni. Alisikia. Nilimwona amesimama pale na sanduku lake, maji yakimtiririka. Akaingia, akamsalimu mama yake, akaketi.

Chumbani nilimwambia mambo mabaya. Nilimwambia kwamba anajua ukweli na bado ananiacha nimezwe mzima. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ungoje kidogo, Daniella. Nakuomba." Nilimwuliza ningoje nini. Akavua shati lake lililolowa, akalitundika, na mimi nikageukia ukuta.

18 Desemba

Kipimo cha pili kimekuwa kama cha kwanza. Hortense ametutuma kwa daktari wa Lubumbashi.

27 Desemba

Shule zimefungwa, kwa hiyo sikuhitaji kuomba ruhusa. Mama tulimwambia tunakwenda kununua vifaa vya friji. Njia nzima ya Lubumbashi mvua ilipiga vioo vya basi na Ghislain alishika mkono wangu, jambo asilolifanya mbele ya watu.

Daktari ni mtu wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alimpima Ghislain nyuma ya pazia, akachukua damu, tukasubiri hadi mchana. Kisha akauliza swali lile la Hortense kwa namna nyingine: kama utotoni aliwahi kuvimba mashavu, ule ugonjwa Wafaransa wanaouita oreillons.

Niliuona uso wa Ghislain ukibadilika. Ndiyo, alisema taratibu. Alikuwa na miaka kumi na minne, Mwadingusha. Mashavu yalivimba, kisha yakapungua, kisha akavimba chini, pande zote mbili, akashindwa kutembea. Alilala wiki nzima na homa. Miaka yote aliukumbuka ugonjwa ule kama homa tu; uvimbe alikuwa ameusahau, au alidhani ameusahau.

Daktari alieleza bila kuficha na bila kutisha. Ugonjwa ule ukimpata mvulana aliyeanza kukomaa unaweza kushuka na kuharibu mahali mbegu zinapotengenezwa, na hata hospitali pengine isingeuzuia. Inaelekea ndivyo ilivyokuwa. Uume wake hauna kasoro, nguvu zake hazina kasoro, lakini mbegu hazipo na hakuna dawa itakayozirudisha. Akatuonya tusitumie nguvu zetu kwa watu wanaouza dawa za chupa. Akataja njia zilizobaki: kulea mtoto aliyezaliwa na wengine, au mbegu ya mtu mwingine katika hospitali za mbali, au kuishi wawili. Akasema hakuna njia kati ya hizo iliyo ya aibu.

Ghislain aliuliza swali moja tu, juu yangu mimi mkewe. "Bibi yangu iko muzima?"

Daktari akasema kwa yote aliyoyaona katika karatasi za Hortense, ndiyo.

"Merci, docteur," Ghislain akasema, akavuta pumzi kama mtu aliyeshusha gunia.

Tulikaa kwenye kituo cha mabasi chini ya bati. Nilikuwa natafuta neno la kumfariji. Yeye ndiye aliyeanza.

"Weye ungali kijana," alisema. "Unaweza kuzaa. Kama unataka kwenda, sitakufungia mulango, na sitaacha mutu akuseme vibaya."

Nilimwuliza: kama tatizo lingekuwa langu, angeniacha?

"Hata siku moya."

"Basi usiniulize tena."

Akalia hapo, mchana kweupe, katikati ya abiria na vikapu vyao. Nimeolewa naye miaka yote hii sikuwa nimemwona akilia. Baadaye ndani ya basi aliniambia kile alichokuwa anaomba ningoje. Tangu kipimo cha kwanza alikuwa anajiuliza jinsi ya kumwambia mama yake bila kumvunja. Sasa imekuwa vigumu zaidi. Yule aliyemuuguza katika ugonjwa ule ni yeye. Hakumpeleka hospitali. Alimkanda kwa majani ya moto, akamwombea, kijana akapona, na hadi leo mama huitaja homa ile kama ushuhuda kanisani.

"Akiyua, atajihukumu mupaka kufa," alisema.

Kwa hiyo haikuwa woga. Alikuwa amesimama kati ya wanawake wawili, akitafuta namna ya kutomwangusha yeyote.

1 Januari

Kuku, wali, jamaa. Nilimpakulia Mama paja. Aliniangalia kwa mshangao.

15 Januari

Mvua usiku na mchana. Umeme umekatika tangu jana, samaki wanaoza sokoni, Ghislain anazunguka na jenereta la kuazima. Nimemwambia kwamba anaweza kunyamaza kwenye kikao, nitavumilia. Nilisema kweli. Akatikisa kichwa.

2 Februari

Nataka kuandika yote, nisisahau.

Walikuja baada ya ibada: baba mkubwa Alphonse na ndugu wengine wa ukoo, sebule ikajaa, viti vingine tukaazima. Mama Élisabeth aliketi karibu na dirisha amevaa kitenge chake cha sherehe. Baba mkubwa aliomba, kisha akazungumza kwa muda mrefu. Alisema babu zao walitoka Kasai kuja kufanya kazi migodini na hawakuja ili jina likatike Likasi. Alisema hakuna anayenichukia, mimi ni mwalimu, nina heshima, lakini nyumba ina kazi yake. Pendekezo la jamaa ni kwamba nirudi kwetu kwa amani, au nikubali mwenzangu kutoka Mwadingusha. Akamwuliza Ghislain achague.

Ghislain alisimama. Hakuwa amevaa koti, alikuwa na shati lake jeupe la kwaya. Aliwashukuru kwa kuja katika mvua. Kisha akasema:

"Ile mambo ya mutoto, haina Daniella. Ni minye. Tulipima mara mbili hapa, tulipima Lubumbashi. Sina mbegu. Hata munipe babibi kumi, batabakia vile."

Mmoja wa ndugu alitazama dari. Baba mkubwa akasema kwa sauti ya chini kwamba maneno kama hayo mwanamume hayasemi mbele ya watu. Ghislain akajibu kwamba maneno ya mkewe yamesemwa mbele ya watu miaka sita, na hakuna aliyeona vibaya. Baba mkubwa akauliza kama hakuna mkono wa mwanamke ndani ya karatasi za madaktari. Ghislain akamwambia, kwa heshima yote, kwamba yuko tayari kwenda naye kesho asubuhi kupimwa tena mbele yake. Na mtu atakayemtukana mkewe tena katika jambo hili, ajue amemtukana yeye.

Hakupandisha sauti hata kidogo. Mikono aliishika nyuma ya mgongo, na mimi niliyekaa nyuma yake nilimwona akikisugua kidole gumba.

Kisha Mama Élisabeth akauliza, taratibu, imetokana na nini.

Nilijua kwamba hapo ndipo Ghislain alipopaogopa. Alifungua mdomo, akaufunga. Mama akamtazama usoni, na nadhani mama hahitaji kuambiwa.

"Ni ile ya mashavu," alisema. "Ni ile nilikukanda."

Ghislain alivuka sebule, akapiga magoti mbele yake, shati jeupe na yote, kwenye sakafu iliyojaa matope ya viatu vya jamaa.

"Mama, daraja lilikuwa limekwenda na mayi," alisema. "Gari haikuwa. Ulikaa na minye usiku na muchana. Ningekufa, na haukuacha nife. Docteur mwenyewe alisema hata hospitali pengine haingezuia. Usijihukumu. Niko muzima juu yako."

Yule mama alimshika kichwa kwa mikono miwili. Wageni walianza kutoka mmoja mmoja wakiwa wameshika kofia zao. Baba mkubwa alibaki wa mwisho. Alisimama mlangoni, akafungua mwavuli, akaenda.

Niliwahi kudhani mtu jasiri ni yule anayejibu haraka.

3 Februari

Mama hajatoka chumbani. Nimempelekea uji, ameupokea.

5 Februari

Nimemkuta Mama uani anachimba shimo kwa jembe dogo. Alikuwa anafukia magome na mizizi yote. Aliniita nikae naye juu ya kibao. Akanisimulia juu ya zile siku Mwadingusha, jinsi mvulana alivyokuwa akiuma shuka asilie ili mama yake asiogope. Akasema hata wakati ule alikuwa hivyo, anaficha maumivu yake kuwalinda wengine, na yeye akalisahau jambo hilo akadhani mwanawe ni dhaifu.

"Nilikukosea, mwanangu," akaniambia. "Nilikunywesha dawa ya ugonjwa haukuwa nayo."

Nilichukua jembe nikamsaidia kufukia.

16 Februari

Habari zimeenea Kikula nzima, kama nilivyojua zitaenea. Wiki hii sokoni mtu alimwita Ghislain jina baya. Kanisani wapo waliomwambia mchungaji kwamba mtu asiyekamilika hafai kusimama mbele ya kwaya. Mchungaji alimwita, wakaongea, akamwacha katika nafasi yake.

Lakini leo Ghislain aliposimama na kuinua mikono, kwaya haikuanza. Walitazamana. Yeye hakushusha mikono. Nilikuwa benchi la tatu na Mama Élisabeth, na Mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono hadi kinauma. Kisha sauti moja nzito ikatoka nyuma: Bertin, anayeuza mkaa, mtu mkubwa asiyezoea kuwa wa kwanza katika lolote. Aliimba peke yake mstari mzima. Halafu wakaingia wengine.

22 Februari

Nimejua kwa nini Bertin aliimba. Leo alikuja kibandani kwa Ghislain na kuzungumza kwa muda mrefu juu ya friji ambalo hana. Mwishowe akasema. Amemrudisha mkewe, Plamedie, kwa wazazi wake Mulungwishi tangu Oktoba, kwa sababu hazai. Tangu Ghislain alipozungumza mbele ya jamaa yake, yeye Bertin halali. Angependa kwenda kwa Hortense lakini hawezi kulivuka lile lango peke yake.

Ghislain hakumpa hotuba. Alimwambia Jumatatu anafunga kibanda.

24 Februari

Wamekwenda wote wawili, na Ghislain alibeba sanduku la vyombo. Bertin alipokuwa ndani kwa Hortense, yeye alibadilisha bawaba za mlango wa choo kile, akatia kitasa kinachofungwa kwa ndani. Hortense alipotoka akakikuta alisimama akakifunga, akakifungua, akakifunga tena.

10 Machi

Bertin ana mbegu, ila ni chache. Hortense aligundua mishipa iliyovimba kwenye korodani, daktari wa Lubumbashi amekubali kuitengeneza kwa upasuaji mdogo. Hakuna ahadi, itachukua miezi kujua. Lakini Jumamosi Bertin alikwenda Mulungwishi, akaomba msamaha mbele ya wakwe zake, akarudi na Plamedie. Leo Plamedie alipita kunisalimu. Hakumsifu bwana yake, bado ana uchungu, na ana haki. Alisema tu kwamba ameingia nyumbani kwa mlango wa mbele.

17 Machi

Mvua imepungua. Watoto wangu wamefaulu hesabu, karibu wote.

29 Machi

Hortense amepata ruhusa ya kutenga asubuhi ya Jumamosi kwa ajili ya wanandoa. Sharti lake ni moja: hapokei mmoja bila mwenzake. Hata Mama Élisabeth ana kazi yake sasa. Anazunguka kwa wanawake wenye wavulana, anawaambia mtoto akivimba mashavu wasikae naye nyumbani kama alivyokaa yeye, wampeleke aonwe. Anaisema hadithi yake yote bila kujipunguzia. Namsikiliza na naona Ghislain alikotoka.

Baba mkubwa Alphonse alikuja jana. Alikunywa chai, akaongea juu ya bei ya saruji, na alipoondoka aliniaga mimi kwanza.

Juu yetu wawili, hatujaamua lolote. Siku nyingine tunazungumza juu ya kulea mtoto, siku nyingine hatuzungumzi. Wiki iliyopita nililia kwa sababu ya kofia ndogo ya sufu niliyoiona sokoni. Ghislain alikaa nami hadi nikamaliza. Hakuniambia ninyamaze.

12 Aprili

Hortense alimwomba Ghislain aseme maneno machache kwa waliokuja leo. Nilikwenda naye. Chumba kilikuwa kimejaa kuliko tulivyotarajia: wanaume kwenye mabenchi, magoti yamebanana, kila mmoja akitazama mahali asipomwona jirani yake. Wake zao wengi walikuwa wamesimama ukutani, na wachache nje, barazani.

Ghislain alisimama mbele yao kama anavyosimama mbele ya kwaya.

"Minye ni Ghislain, wa friji," alisema. "Sina mbegu na sitakuwa nayo. Nilikuya hapa nikiogopa kama nyinyi. Ule njo bibi yangu."

Alinionyesha mimi kwa mkono, akaendelea. Aliwaeleza kipimo kinavyofanyika, kwamba mlango una kitasa, kwamba wengine watakuta tatizo linalotibika na wengine hawatakuta, na kwamba kujua kuna maumivu lakini kutojua humwumiza mtu mwingine badala yako. Hakupamba chochote. Niliwatazama wanaume wale wakiinua nyuso mmoja baada ya mwingine.

Alipomaliza, mmoja wa nyuma, kijana mwenye buti za mgodini, aliuliza bila kuinua macho kwa nini mke wa Ghislain alibaki.

Ghislain hakujibu kwa niaba yangu. Alinigeukia tu, akangoja.

Nilisogea mbele, kama ninavyosimama kila siku mbele ya watoto. Nikasema:

"Nilibaki. Haikuwa kwa huruma. Mwanamume wa namna hii ningemwacha niende kutafuta nini?"

Hakuna aliyecheka. Yule kijana aliinua macho. Kisha akasogea kwenye benchi, akambana jirani yake hadi ikapatikana nafasi, akageuka kuelekea mlangoni, akamwita mkewe kutoka barazani aje akae.